Jicho Hupima Urefu, Si Ujazo: Majibu kwa Maswali ya Wasomaji

Barua tulizozichagua kwa safu ya toleo hili zimetoka kwa watu wa shughuli mbalimbali, lakini zote zinagusa jambo moja: namna ya kujua kitu kinachukua nafasi kiasi gani, na namna ya kuilinganisha nafasi hiyo na ile ya kitu kingine. Nafasi hiyo ndiyo tunayoiita ujazo. Nimezijibu kwa urefu usiolingana, kwa kuwa baadhi zinadai hesabu na nyingine zinatosheka na maneno machache.

Mtoto wangu wa miaka mitano anashikilia kwamba bilauri ndefu ina maji mengi kuliko bilauri pana, ingawa niliyamimina maji yale yale mbele ya macho yake. Nimweleweshe vipi?

Ndugu mzazi, mtoto wako hana kasoro yoyote. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi aliyeishi kati ya mwaka 1896 na 1980, aliwafanyia watoto jaribio hilo hilo, akaona kwamba kwa kawaida mtoto huwa hajatambua kuwa kiasi cha maji hakibadiliki kwa kubadilishiwa chombo mpaka akaribie umri wa miaka saba. Kabla ya hapo hutazama kipimo kimoja tu, na mara nyingi kipimo hicho ni kimo cha maji. Usimkaripie, wala usimkaririshe jibu sahihi. Mpe bilauri zote mbili, amimine mwenyewe kutoka ndefu kwenda pana na kurudi tena, kadiri apendavyo. Mikono yake itatangulia kuelewa kabla ya ulimi wake kuweza kueleza.

Hata hivyo, ningependa tujitazame na sisi watu wazima, maana kosa hilo la utotoni halituachi kabisa. Chukua bilauri mbili zenye umbo la silinda. Ya kwanza ina kipenyo cha sentimita 6 na kimo cha sentimita 12. Ya pili ina kipenyo cha sentimita 8.5 na kimo cha sentimita 6, yaani ni fupi kwa nusu nzima. Ziweke mezani na uwaulize watu, na wengi watakuambia kwamba ile ndefu inabeba zaidi. Lakini ukikokotoa, kwa kuzidisha pai (takriban 3.14) mara nusukipenyo mara nusukipenyo tena, kisha mara kimo, utapata takriban sentimita za ujazo 340 kwa kila moja. Kimo huingia katika hesabu mara moja tu, ilhali nusukipenyo huingia mara mbili, na ndiyo sababu upana unaoongezeka kidogo huweza kufidia kimo kilichopungua sana. Jicho halizidishi, linalinganisha urefu na kukata shauri papo hapo.

Chombo chenye umbo la koni, kilichochongoka chini na kupanuka juu, hudanganya zaidi. Ukikijaza hadi nusu ya kimo chake, hujatia nusu ya ujazo wake. Umetia sehemu moja tu kati ya nane, kwa kuwa pale katikati si kimo peke yake kilichopungua kwa nusu, bali na kipenyo pia, nacho huhesabiwa mara mbili. Ili upate nusu halisi, itabidi maji yapande hadi karibu asilimia 79 ya kimo. Kunja koni mbili zinazolingana kwa karatasi ngumu, weka alama katikati ya kimo cha moja, kisha uitumie kuchotea mchanga mkavu hadi kwenye alama na kuumimina katika ile nyingine. Hata mimi ninayelijua jibu, kila ninapofika mmimino wa tano nashangaa kuona kwamba koni ya pili bado ina nafasi ya mitatu zaidi.

Mimi ni mwanafunzi wa sekondari. Je, ni kweli kwamba lita moja ni sawa na kilo moja?

Kwa maji ni karibu kweli, na kwa vitu vingine vingi si kweli hata kidogo. Lita hupima nafasi. Kilo hupima tungamo, yaani wingi wa maada iliyomo katika nafasi hiyo. Vipimo hivi viwili vilizaliwa pamoja, na ndiyo maana watu huvichanganya. Mwaka 1795, Ufaransa ilipoweka mfumo wa metriki katika sheria, lita iliwekwa kuwa ujazo wa mchemraba ambao kila upande wake ni sentimita 10, na gramu ikafungamanishwa na tungamo ya maji yanayojaza sentimita moja ya ujazo. Mwaka 1901 mpango uligeuzwa: lita ikawa ni ujazo wa kilo moja ya maji safi katika joto ambalo maji hushikamana zaidi kuliko wakati wowote, karibu nyuzi 4 za Selsiasi. Vipimo makini vikaonyesha kwamba lita ya namna hiyo ilikuwa na sentimita za ujazo 1,000.028, badala ya 1,000 kamili. Tofauti hiyo ni ndogo mno kwa matumizi ya kawaida, lakini kwa watu wa maabara ilikuwa kero, na mwaka 1964 ufafanuzi huo ulifutwa. Lita ya leo ni sentimita za ujazo 1,000 kamili, na haiyategemei maji tena.

Ama kwa vitu vingine, kinachoamua ni densiti, yaani tungamo iliyomo katika kila kipande cha ujazo. Lita moja ya ethanoli safi ina tungamo ya takriban gramu 790. Lita moja ya zebaki ina takriban kilo 13.5, na anayeinyanyua chupa yake kwa mara ya kwanza hudhani imebandikwa mezani. Mimi napendelea kuligeuza swali na kuuliza kilo moja ya kila kitu ingekuwa mchemraba wa ukubwa gani. Kilo ya maji ni mchemraba wenye upande wa sentimita 10. Kilo ya alumini ina upande wa sentimita 7.2 hivi, kilo ya chuma sentimita 5, na kilo ya dhahabu sentimita 3.7 tu, kiasi cha kufunikwa na kiganja. Angalia tena mchemraba wa chuma: upande wake ni nusu ya ule wa maji, lakini ujazo wake ni karibu sehemu moja ya nane. Hiyo ni ile nane ya koni, imerudi kwa mlango mwingine.

Nafundisha sayansi. Wanafunzi wangu hupima ujazo wa jiwe kwa kulizamisha majini, lakini kila kikundi huja na jibu lake. Isitoshe, mmoja ameniuliza afanyeje na kipande cha mti kinachoelea.

Mwalimu, njia unayoitumia ni sahihi, kwa sababu kitu kilichozama kabisa husukuma kando maji yenye ujazo uleule wa kitu hicho. Kasoro imo katika kusoma. Kwanza, chombo kikiwa kipana, maji hupanda kidogo mno kiasi cha kutosomeka. Pili, uso wa maji ndani ya silinda ya kupimia hujikunja juu kwenye kingo za kioo, kwa hiyo macho yawe usawa mmoja na maji, na usomaji ufanywe kwenye sehemu ya chini kabisa ya mbonyeo. Tatu, viputo vya hewa vinavyong'ang'ania kwenye mashimo ya jiwe huhesabiwa kana kwamba ni jiwe. Tikisa chombo mpaka vitoke.

Hadithi ya Archimedes, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, na taji la mfalme inafaa sana kulieleza hilo la kwanza. Vitruvius, mwandishi wa Kirumi, anasimulia kwamba mfalme Hiero wa Sirakusa alishuku kuwa sonara amechanganya fedha katika dhahabu ya taji, na kwamba Archimedes alipata ufumbuzi alipoingia katika birika la kuogea akaona maji yakifurika. Hebu tuchukulie kwamba taji lilikuwa la kilo moja, na kwamba gramu 300 za dhahabu zilibadilishwa kwa fedha. Kilo ya dhahabu tupu ina ujazo wa takriban sentimita za ujazo 52. Taji la mchanganyiko lingekuwa na 65. Tofauti ni sentimita za ujazo 13. Ukitumia chombo chenye kipenyo cha sentimita 20, tofauti hiyo ingeinua maji kwa milimita 0.4 tu, unene wa karatasi chache, na hakuna jicho ambalo lingemhukumu sonara kwa ushahidi mwembamba hivyo.

Kuna njia nzuri zaidi, nayo haihitaji vifaa vingi. Weka chombo chenye maji juu ya mizani ya kidijitali, kisha irudishe mizani kwenye sifuri. Lifunge jiwe kwa uzi mwembamba, lishushe ndani ya maji mpaka lizame lote, na ulishikilie hapo bila kuliacha liguse chini wala pembeni. Mizani itapanda. Idadi ya gramu itakazoonyesha ndiyo idadi ya sentimita za ujazo za jiwe, kwa sababu maji hulisukuma jiwe juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji yaliyosukumwa kando, nalo jiwe huyasukuma maji chini kwa nguvu hiyo hiyo. Nilifanya hivyo kwa jiwe la kijivu lililojaa mkononi, lenye gramu 412 likiwa kavu. Mizani ilisimama kwenye gramu 156, nikaushusha uzi kidogo, nikaupandisha kidogo, na namba haikutikisika maadamu jiwe lilikuwa limezama lote. Nilipogawanya 412 kwa 156 nilipata 2.64, densiti inayolingana na miamba mingi ya kawaida. Ule uthabiti wa namba ndio ninaotamani wanafunzi wako wauone kwa macho yao, kwa kuwa katika silinda hawatauona kamwe.

Kipande cha mti kizamishe kwa kukisukuma na sindano nyembamba mpaka maji yakifunike, kisha usome mizani kama kawaida. Kitu kinachoyeyuka majini kipime katika kimiminika kisichokiyeyusha, lakini hapo ukumbuke kugawanya gramu za mizani kwa densiti ya kimiminika hicho. Na iwapo mwanafunzi atakuletea sponji, muulize kwanza anataka ujazo gani: ule wa umbo zima pamoja na vishimo vyake, au ule wa maada ya sponji peke yake? Hayo ni maswali mawili yenye majibu mawili, na ndiyo yanayotupeleka kwenye barua inayofuata.

Nilijaza ndoo ya lita 10 mchanga mkavu mpaka ukingoni, kisha nikamimina humo lita 3 za maji polepole. Hayakufurika. Lita 13 zimeingiaje katika lita 10?

Hazikuingia. Ndoo yako haikuwa na lita 10 za mchanga, bali lita 10 za mchanga pamoja na hewa iliyojibanza kati ya chembe na chembe. Maji yaliifukuza hewa hiyo na kukaa mahali pake.

Kiasi cha mianya hiyo kimewashughulisha wanahisabati kwa karne nyingi. Ukimwaga gololi zinazolingana ndani ya chombo na kukitikisa vizuri, zenyewe huchukua takriban asilimia 64 ya nafasi, na zinazobaki ni mianya. Ukizipanga kwa mkono, safu juu ya safu, kila gololi ikikaa kwenye kishimo kati ya zile za chini yake, utafika karibu asilimia 74. Mwaka 1611 Johannes Kepler alisema kwamba hakuna mpangilio wa matufe yanayolingana unaoweza kuzidi hapo. Dai hilo lilikaa bila uthibitisho kwa karibu miaka 400, mpaka Thomas Hales wa Marekani alipotangaza uthibitisho wake mwaka 1998, akisaidiwa na kompyuta, na mwaka 2014 yeye na wenzake wakakamilisha ukaguzi wa uthibitisho huo hatua kwa hatua.

Jambo la kushangaza ni kwamba asilimia hizo hazitegemei ukubwa wa gololi. Chombo kilichojaa gololi kubwa na kingine cha ukubwa huo kilichojaa vigololi vidogo sana vina mianya ya kiasi kimoja, mradi vya kila chombo viwe vinalingana na chombo kiwe kikubwa sana kuliko gololi zenyewe. Wengi hudhani kwamba chembe ndogo huacha mianya michache. Ukweli ni kwamba huacha mianya midogo, lakini mingi zaidi. Kinachopunguza mianya ni kuchanganya kubwa na ndogo, kwa kuwa zile ndogo hujipenyeza kati ya zile kubwa. Ndiyo sababu lita 10 za kokoto zikichanganywa na lita 10 za mchanga hazitoi lita 20, na mjenzi anayekadiria zege kwa kujumlisha ndoo hujikuta amepungukiwa.

Jambo kama hilo hutokea hata pale ambapo hakuna chembe zinazoonekana. Changanya mililita 50 za ethanoli safi na mililita 50 za maji, nawe utapata takriban mililita 97, si 100. Molekuli za vimiminika hivi viwili huvutana na kukaa karibu zaidi kuliko zilivyokaa kila moja na za aina yake. Ukiweka mchanganyiko huo kwenye mizani, hakuna hata gramu moja iliyopotea. Tungamo hujumlishwa bila wasiwasi. Ujazo usiujumlishe mpaka umejua vitu hivyo vinakaaje vikikutana.

Kwa nini chupa ya kioo iliyojaa maji ilipasuka ndani ya friza?

Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, tofauti na vimiminika vingi ambavyo husinyaa vinapoganda. Lita moja ya maji huhitaji nafasi ya karibu lita 1.09 ikiwa barafu, na kioo hakinyumbuki. Yakichemka na kuwa mvuke, badiliko ni kubwa kupita kiasi: lita moja ya maji hutoa karibu lita 1,700 za mvuke katika nyuzi 100 na kanieneo ya kawaida ya hewa. Nimetaja joto na kanieneo kwa makusudi, kwa kuwa ujazo wa gesi usiotajiwa hali hizo mbili hauna maana. Gesi hujaza chombo chochote unachoipa.

Kitabu kimoja kinasema galoni ni lita 4.5, kingine kinasema ni lita 3.8. Kipi kimekosea?

Hakuna kilichokosea. Galoni ya Uingereza ni takriban lita 4.546 na galoni ya Marekani ni takriban lita 3.785. Pipa linalotajwa katika taarifa za mafuta ghafi ni galoni 42 za Marekani, ambazo ni karibu lita 159. Unaposoma taarifa yenye galoni, tafuta kwanza imetoka nchi gani.

Nimesoma kwamba Jua linaweza kumeza Dunia milioni moja na laki tatu. Kwenye picha naona ni kubwa, lakini sioni ukubwa wa kiasi hicho. Ni kweli?

Tuanze na tufe lenyewe. Ukiliweka tufe ndani ya silinda inayolibana barabara, juu, chini na pembeni, tufe hilo litachukua theluthi mbili kamili za ujazo wa silinda. Ugunduzi huo ni wa Archimedes, na inasimuliwa kwamba alitaka umbo la tufe na silinda lichongwe kwenye kaburi lake. Cicero, mwandishi na mwanasiasa wa Kirumi, aliandika baadaye kwamba alipokuwa mtumishi wa dola ya Roma huko Sisilia mwaka 75 KK alilitambua kaburi hilo katikati ya vichaka kwa sababu ya maumbo hayo mawili. Mimi hukumbuka ujazo wa tufe kwa njia hiyo kuliko kwa kanuni yake, kwa sababu silinda naweza kuiona akilini.

Sasa, kipenyo cha tufe kikiongezeka mara mbili, ujazo huongezeka mara nane. Kikiongezeka mara tatu, huongezeka mara 27. Nusukipenyo cha Mwezi ni kilomita 1,737 na cha Dunia ni kilomita 6,371, tofauti isiyofika hata mara nne, lakini ujazo wa Dunia ni kama mara 49 ya ule wa Mwezi. Kipenyo cha Jua ni karibu mara 109 ya kipenyo cha Dunia. Zidisha 109 kwa 109, kisha kwa 109 tena, utapata milioni moja na laki tatu hivi. Picha hukuonyesha ile 109 ya kwanza peke yake, kwa kuwa mistari ndiyo ambayo jicho hushika. 109 mbili zilizobaki hukaa upande wa kulia na wa nyuma, ambako hukuhesabu.

Nina sahihisho moja kwa neno "kumeza". Milioni moja na laki tatu ni idadi ya Dunia zilizosagwa na kumiminwa humo bila kuacha mwanya wowote. Kama zingeingia zikiwa nzima, zikabaki na uduara wake, sheria ya gololi ingezishika nazo pia: hata zikipangwa kwa ustadi wote ambao Kepler aliutaja, zingechukua asilimia 74 tu ya nafasi, na idadi yake isingefika milioni moja.